Mama na Jointi ya Kilasi

Kama hujui jointi ya kilasi ni nini, una bahati. Mimi nilikuwa mke wa dereva, kwa hiyo najua. Ni kipande chembamba cha shaba na asbesto, kimetobolewa matundu, kinachokaa kati ya kichwa cha injini na tumbo lake, ili moto ubaki upande wa moto na maji yabaki upande wa maji. Watu wa mashariki wanakiita gasketi. Sisi wa Katanga tulichukua jina la Kifaransa tukalitamka tulivyoweza. Kikiungua, maji yanaingia kwenye moto na kwenye mafuta, injini inachemka, kamyo, yaani lori, inatoa moshi mweupe na kugoma. Ni kitu unachoweza kukibeba kwapani ukaenda nacho sokoni. Ndicho kilichomzuia mama yangu kwenda kufia kwao.

Nikisema hivyo watoto wangu wananiambia, mama, unakionea kile kipande. Labda. Kilichomzuia kilikuwa pia heshima, na heshima huwezi kuifungua kwa spana. Lakini kuanza kulianzia kwenye jointi.

Ilikuwa miaka ile kambi kubwa ya ndege ilipokuwa ikijengwa nje ya Kamina. Mji wote ulikuwa vumbi na kazi. Mume wangu alikuwa ameendesha magari ya wazungu miaka mingi, na mfanyabiashara mmoja alipofunga duka lake kurudi kwao, alimwachia kamyo yake kuukuu kwa bei ya mtu anayetaka kuondoka haraka. Ilikuwa na mlango mmoja usiofunguka na honi iliyolia inapotaka yenyewe. Mume wangu aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukubali. Alipeleka kuni na mchanga kambini, akaleta mihogo na mahindi kutoka vijijini. Jumapili aliiosha kabla ya kwenda kanisani, kisha akaoga mwenyewe, akavaa shati lenye mkunjo wa pasi, tukaenda kukaa kwenye benchi la mbele la Wamethodisti, yeye akitazama mbele kana kwamba hakuna aliyejua kwamba ana kamyo.

Mama yangu aliletwa kwetu akiwa mgonjwa wa tumbo. Kijiji chao kilikuwa upande wa Malemba-Nkulu, mbali na reli na mbali na mto pia, mahali ambapo hufiki ila kwa barabara, nayo barabara ilikuwa ya kuulizia kwanza kama ipo. Alilala hospitali kwa muda, tumbo likazidi kuvimba. Mwishowe muuguzi mmoja, mtu wa kwetu, aliniita pembeni akaniambia kwa upole nimchukue mama nyumbani, na nyumbani alimaanisha kwao. Nilielewa. Mama naye alikuwa ameelewa kabla yangu. Hakulia. Aliniambia jambo moja tu: anataka kumwona mdogo wake.

Huyo mama yangu mdogo ndiye peke yake aliyekuwa amebaki katika tumbo lao. Wengine wote walikuwa wamekwisha kufa. Miguu yake ilikuwa imekataa kazi tangu zamani, alikuwa mtu wa kukaa kwenye mkeka na kubebwa akienda kuoga, kwa hiyo hakuweza kuja Kamina. Mama ndiye alipaswa kwenda, na kwenda haraka, angali na macho ya kuona na mdomo wa kusema. Mume wangu hakusita hata kidogo. "Nitamupeleka minyi mwenyewe," alisema kwa Kiswahili chetu, ambamo minyi ni mimi, "na kamyo yangu mwenyewe."

Hapa lazima nieleze kuhusu ukwe, la sivyo utatuona sote wendawazimu.

Kwetu Waluba, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Akimwona njiani, mwanamume anaingia kwenye majani hadi mama apite. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na kama kuna neno la kusema linapitia kwa mke. Mjini wengi walikuwa wameanza kulegeza mambo hayo, hasa sisi watu wa shule na kanisa. Mume wangu hakulegeza. Alisema mtu aliyevaa viatu ndiye anayetazamwa zaidi, na kwamba hataki wakwe zake waseme mji umemla. Mama alipotoka hospitali tukamweka kwenye nyumba ndogo ya jikoni nyuma ya nyumba yetu, na mume wangu akasimamisha ukuta wa matete katikati ya uwanja. Yeye akabaki upande wa barabara pamoja na kamyo yake, mama upande wa jiko.

Matete hayazuii sauti. Asubuhi mume wangu alisimama upande wake akasema kwa sauti ya kutosha mtaa mzima: "Uliza mama kama alilala muzuri." Mama amesikia. Jirani amesikia. Lakini mama anangoja, anakoroga chungu chake kana kwamba ni upepo tu. Mimi nasema: "Mama, anauliza kama ulilala muzuri." Ndipo anajibu: "Mwambie nililala, akasanti." Mume wangu amesikia, naye anangoja. "Anasema alilala, akasanti." Ndipo anatikisa kichwa na kwenda kazini. Niliwatania kwamba siku nitakayopotewa na sauti wao wawili watakufa njaa, mmoja kila upande. Mama alicheka hadi akashika tumbo kwa maumivu, na nyuma ya matete nikasikia mume wangu akigeuza kicheko chake kuwa kikohozi. Walipendana, wale wawili. Sijawahi kuona mkwe na mama mkwe waliopendana vile, na labda hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tuliondoka asubuhi moja yenye mawingu. Nyuma ya kamyo tulitandika majani makavu, juu yake godoro, juu yake turubai la kukinga mvua, na mimi nikakaa na mama nimepakata kichwa chake. Mbele mume wangu alikaa peke yake. Kiti cha pembeni yake, kiti pekee chenye sponji katika gari lile, kilikwenda kitupu, maana mama mkwe hakai bega kwa bega na mkwe wake. Mimi ningeweza kukaa pale, lakini nani angemshika mama? Hivyo kile kiti kilisafiri chenyewe kama bwana mkubwa.

Hatukwenda mbali. Mji ulikuwa umepotea nyuma yetu, tumeanza kupanda mwinuko, nikasikia injini ikipumua vibaya, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Halafu moshi mweupe ukatujia nyuma, mzito, wenye harufu ya chuma kilicholowa. Kamyo ikatetemeka ikasimama. Mume wangu alishuka, akafungua boneti, mvuke ukamfunika hadi kiunoni. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta akakiinua juu. Hata mimi kutoka kule nyuma niliona: mafuta yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawa yenye maziwa. Sikuhitaji kuambiwa.

Nilimshusha mama nikamkalisha kando ya barabara, maana chini ya turubai kulikuwa na joto na moshi. Alijifunika uso kwa kitambaa chake. Mume wangu alijificha nyuma ya boneti, uso ameelekeza porini. Walikuwa wametengwa na hatua chache za barabara tupu, na hapakuwa na tete hata moja. Nilikwenda huku na huku nikibeba maji kutoka kwenye kijito na maneno ambayo wote wawili walikuwa wanayasikia.

Halafu mvua ikaanza.

Mama alipaswa kurudishwa juu. Nilijaribu kumwinua peke yangu nikashindwa. Tumbo lilikuwa zito na miguu yake haikusaidia. Nikamwita mume wangu. Alikuja hatua mbili tatu, akasimama, mikono ikiwa imenyooka mbele yake kama ya mtu anayeota, kisha akageuka. Mama aliniambia chini ya kitambaa: "Usimwite, mutoto yangu. Usimupatie haya." Basi tukakaa kwenye mvua. Nilimfunika kwa mwili wangu mwenyewe hadi wakapita wafanyakazi wa barabara na majembe yao, watu wasiotujua. Wakamnyanyua mama yangu wakampandisha, huku mmoja akimwuliza mume wangu kwa mshangao, "Weye, dereva, uko unaangalia nini kule?"

Aliendelea kutazama porini, maji yakimtiririka shingoni. Nilimkasirikia siku ile kuliko siku yoyote ya ndoa yetu, na wakati huohuo nilimwonea huruma hadi nikashindwa kumsemesha. Kamyo ya wajenzi wa kambi ilituvuta kwa kamba hadi nyumbani.

Siku iliyofuata alikuja rafiki yake, fundi wa karakana ya reli, mtu wa maneno mengi na vicheko. Walifungua kichwa cha injini wakakilaza juu ya gunia. Jointi ilikuwa imeungua kati ya silinda mbili, kidonda cheusi cha urefu wa kidole. Nilikuwa natwanga upande wa pili wa matete, mama amelala mlangoni pa jiko, tukasikia shauri lote.

"Ndugu, hii tunaweza kuifunga," fundi alisema. "Niko na kipande ya shaba kule nyumba. Tunakata, tunapasha moto ilainike, tunapaka rangi huku na huku, tunakaza. Utaenda polepole. Kila muto unasimama, unaongeza maji. Utafika."

"Na kurudi?"

"Kurudi njo shauri ingine."

"Na kama inakufa katikati?"

Fundi akacheka. "Basi utalala mu barabara, weye wa kwanza?"

Mume wangu hakucheka. Nikamsikia akipangusa spana, akipangusa tena. "Minyi nilale mu barabara, haina neno," alisema. "Lakini mama mukwe alale mu barabara? Bantu ba njia bamubebe tena kama muzigo, minyi nikiangalia miti? Hapana. Mara moja inatosha. Nitatuma Lubumbashi, ilete jointi ya mupya. Nitamupeleka na kamyo ya muzima ao simupeleke."

Mchi ulinisimama mkononi. Lubumbashi, mji ambao wazungu waliuita Elisabethville, ulikuwa mbali. Vitu vililetwa na treni, na treni ilileta kwanza vya wenye nguvu. Nilimtazama mama. Alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala.

Basi tukaanza kungoja. Sitasema tulingoja kiasi gani. Kwa mtu mwenye afya si muda mrefu, kwa mtu mwenye tumbo lile ulikuwa mrefu. Mume wangu hakukaa bure. Kila treni ya kutoka kusini ilipoingia alikuwa stesheni, na shati lake la pasi. Kichwa cha injini alikipeleka karakana, rafiki yake akakisugua juu ya bamba hadi kikawa laini na bapa. Alibadilisha mafuta, akasafisha rejeta, akafungua hata ule mlango uliogoma miaka yote na kuutengeneza. Ukimwona utasema anaandaa harusi.

Jointi ya kwanza ikafika. Aliileta imefungwa kwenye karatasi ya kahawia, akaiweka juu ya injini, akainama. Halafu hakuinuka. Matundu hayakuoana. Walikuwa wametuma ya injini nyingine, ndugu ya hii yetu, lakini si hii yenyewe. Aliishika juu akanitazama katikati ya matundu yake, na jicho lake moja lililoonekana pale lilikuwa limejaa maji. Ikabidi irudishwe, na nyingine iagizwe.

Katikati ya kungoja huko ilipita kamyo ya mfanyabiashara wa pamba ikielekea Malemba-Nkulu. Dereva wake alikuwa kijana wa kanisa letu. Nilimkimbilia mume wangu nikamwambia, hii hapa, inaondoka kesho, mama anaweza kulala juu ya magunia matupu, magunia ni laini. Alinijibu bila hasira, na hilo ndilo lililonikasirisha: "Mama ya muke yangu apande mu kamyo ya bengine, na ya kwangu iko mu uwanja? Kule kwenu batauliza nini? Batauliza: mukwe yake alikufa?" Nikamwuliza watauliza nini wakiona jeneza. Aliniambia jointi iko njiani.

Siku ile ile mama alisema neno. Nilikuwa namwosha miguu. Mume wangu alikuwa upande wake wa matete, tulisikia spana zake. Mama akasema, wala hakunong'ona: "Minyi ningeenda hata na ile ya moshi. Moshi ni nini? Nimepika na moshi maisha yangu yote. Ningeenda hata juu ya pamba. Nimuone tu mudogo yangu."

Upande wa pili spana zikanyamaza.

Nilikausha mikono nikazunguka ukuta. Mume wangu alikuwa amekaa juu ya gurudumu, mikono yenye mafuta ikining'inia katikati ya magoti. Nikamwambia: "Mama anasema ataenda hata na ile ya moshi."

Aliniuliza bila kuinua uso: "Alikutuma?"

"Hapana. Lakini amesema."

"Kama hakukutuma, sijaambiwa."

Nilipiga kelele. Nilimwuliza masikio yake ni ya kazi gani, ya kuwekea penseli? Nilimwambia mambo ambayo mke wa Mmethodisti hasemi mchana. Aliningoja nimalize. "Masikio yangu iko," alisema. "Kila siku niko nasikia. Anapolia, nasikia. Lakini neno ambalo hakunitumia, nikilishika, njo nimemuibia. Aniambie. Akutume tu, neno moja, na leo leo naita fundi na shaba yake. Naapa."

Nikarudi upande wa jiko karibu nikikimbia. Mama alikuwa amesikia kila kitu, bila shaka, na alikuwa ameshageuza uso ukutani. Nilipiga magoti nikamwomba: "Mama, nitume. Neno moja tu. Sema, nenda ukamwambie."

"Mama mukwe haombi," alisema.

"Mama, ameapa."

"Mutoto yangu, sikiliza. Ule muntu alinilaza mu hospitali. Alininunulia blanketi. Anataka kunirudisha nyumba na kamyo ya muzima, bantu ba kwetu banione nikishuka muzuri. Nimwambie hapana, kamyo yako ya mubovu inanitosha? Njo kusema simuheshimu. Njo kumuvua nguo." Alipumua kwa taabu. Halafu akasema kwa sauti kubwa zaidi, ile ya kuvuka matete: "Mwambie ninangoja. Mwambie iko muzuri."

Nilisimama. Ule ndio ujumbe aliokuwa amenituma, na nyuma ya matete palikuwa na mwanamume aliyekuwa akingoja niubebe. Nikazunguka. Nikamwambia: "Mama anasema anangoja. Anasema iko muzuri." Akatikisa kichwa kama asubuhi zote, akaokota spana yake. Ikamponyoka, akainama kuiokota tena.

Ninajuta. Nimezeeka na bado ninajuta, na majuto yangu hayana hata mtu wa kumkamata. Ningekuwa na mume mkorofi ningejua pa kuelekeza kidole. Ningekuwa na mama mwenye kiburi ningeelekeza huko. Nilikuwa na watu wawili wema, kila mmoja akilinda uso wa mwenzake, na siku zikawa zinapita katikati yao, na mimi nilikuwa nazihesabu kwa mbavu za mama.

Jointi ya pili ilifika, na hii ilikuwa yenyewe. Mume wangu alitoka stesheni akikimbia na kifurushi chake, mtu mzima wa kanisa, watu wakageuka kumtazama. Fundi aliitwa. Siku nzima walifanya kazi kwa uangalifu kana kwamba wanafunga kidonda cha mtu: wakaipaka mafuta, wakailaza, wakateremsha kichwa juu yake, wakakaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kidogo huku, kidogo kule, wakarudia. Jioni, jua lingali juu ya mapaa, mume wangu akaingia garini akawasha.

Sijawahi kusikia injini kama ile. Haikukohoa. Ilinguruma sawasawa, chini, bila moshi, hata honi ilinyamaza kwa adabu. Mama alifumbua macho jikoni. Alikuwa hawezi tena kukaa, uso umebaki mifupa, lakini alisikiliza kwa muda mrefu, na akatabasamu. "Mwambie inalia muzuri," alisema. Nilimwambia. Mume wangu aliweka paji la uso wake juu ya usukani. Tukakubaliana tutaondoka kukipambazuka.

Kulipopambazuka nilikuwa nafunga godoro kwa kamba. Nilikwenda kumwita mama tumvalishe, nikakuta amekwisha kuondoka bila sisi.

Seremala wa kanisa alitengeneza sanduku, na tulimpeleka hivyohivyo, siku iliyofuata, kwa barabara ileile. Safari hii mama hakuhitaji kushikwa kichwa. Nilikaa mbele, kwenye kile kiti cha sponji, na sikupata raha juu yake. Mlima ule tuliokwamia tuliupanda kama uwanja. Mume wangu aliendesha bila kunitazama. Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na kidirisha kidogo kinachotazama mizigo, na tulipofika kwenye mashimo ya kwanza alipunguza mwendo, akageuza kichwa kidogo kuelekea kidirisha kile, akasema: "Mama, kuko mashimo hapa. Naenda polepole."

Nilidhani anasema na mimi. Halafu nikaelewa. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akimwambia mama yangu neno bila kunipitia. Sasa hakunyamaza. "Mama, huu muto tunavuka sasa. Daraja iko nguvu, usiogope." "Mama, mvua iko mbele, lakini turubai nilifunga muzuri." Njia nzima, kwa sauti ya chini, ya upole, kama mtu anayesindikiza mgeni. Nililia hadi shingo ya blauzi yangu ikalowa. Yeye hakulia. Alikuwa na mengi ya kumwambia, na barabara haikumtosha.

Kijijini walisikia injini kutoka mbali. Mama mdogo alikuwa amesikia pia. Waliniambia baadaye kwamba aliposikia mlio ule mzuri aliwaamuru wasichana wamtoe nje na mkeka wake, wamfunge kitambaa kipya kichwani, na alikaa pale uso ukielekea barabarani, akiwa amenyooka. Hakuna aliyekuwa amemtangulizia habari za kifo. Kamyo iliposimama, mume wangu alishuka, akafungua nyuma, akashika sanduku upande wa kichwa, yeye wa kwanza, kabla ya wanaume wa kwetu. Hakuna aliyemwambia kitu.

Mama mdogo alitazama sanduku likishushwa. Wanawake wakaanza kulia, yeye hakulia bado. Aliniita kwa mkono. Nilikwenda nikapiga magoti kwenye mkeka wake, akanishika uso kwa viganja vyake viwili, viganja vilevile vya mama, akaniuliza: "Alikutuma nini kwangu?"

Nikatafuta. Nilikuwa nimebeba maneno ya mama asubuhi na jioni, nikayapitia yote pale kwenye mkeka: nililala, akasanti, ninangoja, iko muzuri, inalia muzuri. Yote yalikuwa ya kumpelekea mume wangu. Kila mara msafiri wa kwetu alipopita nilimwuliza mama kama ana salamu kwa mdogo wake, na kila mara alikataa. Viganja vilikuwa bado usoni pangu.

"Mama mudogo," nikamwambia, "hakunituma kitu. Alisema atakuja mwenyewe."